Karatasi Isiyotaka Kuchanika

Kiwanda cha Karatasi, Hirase
Mwisho wa mwezi wa saba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umemwambia Mama kwamba huna tena mtoto wa kiume anayeitwa Mitsugu, lakini shikamoo haina kosa, ipokee. Natumaini magoti yako bado yanakubali kuchuchumaa nyuma ya beseni la samaki, na kwamba mvua hizi hazijakuletea kile kikohozi chako. Mama hajambo? Na Fusae, bado anawapa samaki majina halafu analia wakiondoka na wateja? Mwambie kaka yake ni mzima, ananenepa, na wasichana wa kiwanda cha hariri ng'ambo ya mto wameanza kumwona. Mmoja alisimama juzi akanisemesha. Sawa, aliniuliza saa, lakini aliuliza huku anatabasamu.

Ujumbe wako Mama alinifikishia kwa simu. Matusi aliyapunguza, nikayajazia mwenyewe, maana nakufahamu. Kwamba dawa itolewe kwenye karatasi za vichoteo vyako, vile wateja wanavyochotea samaki mpaka karatasi ichanike, na kwamba nikikanyaga uwanja wa sherehe ya Bon ya kuwakumbuka marehemu mwaka huu utanimwagia maji ya samaki kichwani. Nimesikia. Sasa na wewe nisikilize, hata kama ni kwa kukunja uso.

Nasikia unatangaza kwenye kila sherehe kwamba aliyekuharibia kazi ni mhandisi wetu, Bwana Inukai. Baba, bila Inukai usingekuwa na karatasi ya kulalamikia. Mashine yetu ni kongwe kuliko Mzee Shimozato mwenye kiwanda, na yeye meno yalishamwisha. Ule uji wa nyuzi unamwagwa juu ya wavu, maji yanatakiwa yachuje upesi, ndipo karatasi iende kwenye rola za moto. Kwetu maji yalikuwa hayachuji. Karatasi ilifika kwenye rola imelowa kama nguo ya kufuliwa, inakatika, tunaingia chini kuikwangua kwa mikono, tunaanza upya, inakatika tena. Mzee alishaanza kuulizia bei ya chuma chakavu.

Inukai akaja na unga mweupe unaoitwa polima, na kwa kuwa kiwanda kizima hakina mtu mwepesi kama mimi, nikapewa mimi kuukoroga. Siku ya kwanza niliumwaga wote kwa mkupuo. Ukaganda mabonge yenye utelezi, kama macho ya samaki. Inukai, aliyesoma mpaka akahitaji miwani minene kama vitako vya chupa, akachungulia pipa, akaniuliza kama kwetu uji unapikwa au unachongwa. Nikamjibu kwamba kwetu tunaunywa, kuchungulia ni kwa wasomi. Tangu hapo tukaelewana. Akanionyesha kuunyunyiza kidogo kidogo kama chumvi, na kukoroga taratibu, maana ndani yake kuna minyororo mirefu isiyoonekana, na ukikoroga kwa pupa unaikatakata yote, unabaki na maji ya bure. Minyororo hiyo ndiyo inayokamata vumbi la nyuzi na kulifunga kwenye nyuzi kubwa, ili maji yapate pa kupita. Baba, ungeyaona! Maji yalianguka chini ya wavu kana kwamba mtu amezibua shimo. Karatasi ikatembea mpaka mwisho bila kukatika. Mzee Shimozato alicheka kwa fizi zote.

Ila kila kizuri kina udhia wake. Ile minyororo ilikusanya nyuzi vishungi vishungi, karatasi nyembamba kama zako zikawa nene hapa, tundu pale. Utakumbuka, kwa sababu ni wewe uliyepiga simu kututukana kwamba kichoteo kinachanika kabla mtoto hajamwona samaki. Ndipo Inukai akaongeza dawa ya pili, ya majimaji, rangi ya chai hafifu, inayoipa karatasi nguvu ndani ya maji. Aliweka kidogo sana. Tukajaribu vichoteo kwenye ndoo hapa kiwandani, vikachanika kama kawaida. Ukajaribu na wewe, ukasema safi.

Tusichokifikiria ni kwamba dawa ile haimalizi kazi yake kwenye rola. Inaendelea kukaza kimya kimya ndani ya boksi, wiki baada ya wiki, hasa kukiwa na joto. Inukai alilijua hilo tangu zamani, lakini alizoea karatasi za mifuko ya saruji. Mfuko wa saruji ukizidi kukaza, watu wanashukuru. Hajawahi kuhudumia karatasi ambayo kazi yake ni kuchanika.

Na maboksi yako yalikaa stoo toka majira ya kuchipua.

Yaliyofuata kwenye sherehe ya mto sina haja ya kukusimulia, lakini nakusimulia, kwa sababu unayaeleza vibaya kwa watu. Nilikuwa nyuma yako nashika vifuko vya kubebea samaki. Alikuja yule mtoto wa kike mwenye buti za mpira, akalipa, akachota mmoja. Akachota wa pili. Watu wakaanza kusogea. Akachota mpaka bakuli lake likawa jekundu tupu kwa samaki, na kichoteo kizima kama kilivyotoka kwenye boksi. Hapo ndipo Gonpachi wa tambi za kukaanga akapaza sauti yake ile ya mbuzi: "Mzee Samaki! Leo unauza au unagawa sadaka? Nitupie na mimi wawili wa mchuzi!" Uwanja mzima ukacheka. Nilikuona masikio yanabadilika rangi.

Ukamnyang'anya mtoto kichoteo, ukakitoboa kwa kidole gumba, mbele ya watu wote, ukamwambia, "Kimechanika. Mwingine!"

Hakulia, Baba. Wewe uliinama kutafuta chenji, hukuona. Mimi niliona. Alilitazama lile tundu, akakutazama wewe, halafu akawarudisha samaki wake beseni, mmoja mmoja, akaondoka na buti zake. Na unajua kwamba kabla hujatia kidole, foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi za hekalu? Muulize Mama, yeye ndiye aliyekuwa anaipanga.

Njia nzima ya kurudi ulinihubiria kwamba mchezo huu ni mkono wa mtu na karatasi, na mwishowe karatasi lazima ishindwe, la sivyo wewe si mchezeshaji tena, ni muuza samaki. Nakubali, na usizoee, sikubaliani nawe mara nyingi. Karatasi isiyochanika kamwe imeua mchezo. Lakini ile ilikuwa inaanza kulegea pembeni, niliiona. Ingechanika yenyewe. Ulishindwa kusubiri kwa sababu muuza tambi amekucheka.

Sasa lile ambalo hasa limenifanya nishike kalamu, na kalamu unajua mimi na yeye hatupatani tangu shule.

Ulipoagiza vichoteo vipya visivyo na dawa, Inukai aliifunga koki ya dawa ya pili kwa mkono wake. Koki hiyo iko upande wangu wa mashine. Alipogeuka, niliifungua, maana yule mtoto alikuwa hajanitoka akilini. Kwa hiyo usimtukane tena, nitukane mimi. Maboksi uliyonayo stoo sasa hivi, yale uliyojaribu siku yalipofika, yakachanika kama tofu, ile maziwa ya soya yaliyogandishwa, ukamwambia Mama kwamba hatimaye tumerudiwa na akili, yana dawa ile ile. Yalikuwa mabichi tu. Kwa joto hili, mpaka Bon yatakuwa yamekomaa barabara.

Nilipanga ninyamaze, nijifiche nyuma ya Gonpachi siku ya sherehe, nikutazame unavyohangaika. Nimeshindwa. Ningekuwa nimekutilia kidole kwenye kichoteo chako kama ulivyomfanyia yule mtoto, tena kwa siri, na wewe angalau ulifanya hadharani. Basi nakuambia kabla. Radhi siombi.

Leo asubuhi nimewaambia wote wawili. Inukai alivua miwani akaifuta mpaka nikaihurumia. Mzee Shimozato aliniita majina ya wanyama ambao hata siwajui, kisha akasema mteja ni baba yako: akitaka ufukuzwe, utafungasha, akinyamaza, rudi kwenye pipa lako. Kwa hiyo kazi yangu unayo wewe.

Nimekutengenezea boksi jingine. Halina hata tone, Inukai alisimama ananilinda kama polisi. Liko ofisini kwa Mzee. Ukitaka karatasi dhaifu, njoo ulichukue, na hayo ya kunikana uniambie usoni, si kwa kumtuma Mama. Ukitaka zile zilizokomaa, unazo tayari. Sitakuchagulia.

Ila Bon nakuja. Yule mtoto nimemtafuta, anaitwa Kinue, baba yake anasuka mikeka karibu na daraja. Nimemwomba huyo baba ruhusa, kakubali. Tutapanga foleni kama watu wengine, Kinue mbele, mimi nyuma yake, na nitatulipia sote wawili. Ukinimwagia maji, nitasimama hapo hapo nimelowa mpaka zamu yake ifike. Mpe kichoteo chochote utakachochagua, dhaifu au kilichokomaa. Kidole chako kiweke mfukoni.

Msalimie sana Mama, na umwambie soksi zimefika. Fusae mpe salamu zake na za samaki wote kwa majina yao. Jikinge na mvua, unywe dawa ya kikohozi hata kama ni chungu. Gonpachi simsalimii.

Ni mimi mwanao, utake usitake,

Mitsugu