Msimu wa Pili, Sura Nyingine

Jumatatu, 4 Agosti

Mahamri yameisha mapema. Nimeosha karai, nimefagia, nimekaa. Msimu wa pili wa tamthilia yetu ya Kikorea uko kwenye simu. Walinipakulia jana kwenye duka la simu Ukunda. Nimeungoja muda wote ambao mdogo wangu Zuhura alikuwa Uarabuni kwa kazi za nyumbani. Ule wa kwanza tuliutazama pamoja, yeye akinifasiria maandishi ya Kiingereza. Tulilia sote siku binti wa ziwa alipogeuka maji.

Zuhura alirudi wiki iliyopita. Leo baada ya adhuhuri tumeanza.

Binti wa ziwa si yule. Wamebadilisha mwigizaji. Jina lilelile, nguo zilezile za buluu, sura nyingine. Mamake anamkumbatia, mchumba wake anamkumbatia, hakuna anayeshtuka. Nimeudhika.

Zuhura hakufasiri hata neno. Alitazama akiwa amesimama.

Jumanne, 5 Agosti

Upuuzi mtupu. Ziwa halionekani. Ni mikahawa tu, na watu kukumbuka mambo tuliyokwisha kuyaona. Lile zimwi la mlimani lililotutia hofu sasa linachekesha.

Zuhura bado hakai. Anakula jikoni nyuma ya mlango, sahani mkononi. Mama anamwita mkekani. Anakuja, anachuchumaa pembeni kama mgeni. Akianika nguo nilimwita, nikamwita tena. Hakugeuka. Masikio yake ni mazima, redio anaisikia.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeogopa.

Mchana jirani alikuwa akimwita bintiye njiani. "Mariamu! Wee Mariamu!" Zuhura alikuwa amelala. Akaruka kitandani, akatoka mbio mpaka uani, akasimama wima, mikono mbele, macho ameyafumba.

"Naam, mama."

Sauti si yake. Nyembamba. Ya mtu mwingine.

Mama anasema ni jini, apelekwe kwa mwalimu akasomewe. Nimesema tungoje. Sijui tunangoja nini. Ni mdogo wangu, na sitaki kulala naye chumba kimoja. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimewasha tamthilia ili nyumba iwe na kelele tu. Mtumishi mmoja mzee akamkazia macho yule binti. Nikasema, angalau huyu amegundua.

"Hajagundua," Zuhura akasema. "Ukishavishwa nguo zake, basi."

Akakaa. Mara ya kwanza tangu arudi.

"Kule walikuwa wakiniita Mariamu, dada."

Kabla yake palikuwa na mfanyakazi wa jina hilo. Siku Zuhura aliyofika, mwenye nyumba alimpa sare ya Mariamu, kitanda cha Mariamu, viatu vya Mariamu. Vyote vilimtosha. Watoto walimkimbilia kwa jina hilo. Akisema yeye ni Zuhura, walicheka. Mwishowe akaacha kusema.

"Na mwenyewe alikwenda wapi?"

"Niliuliza. Wakaniambia, Mariamu si wewe?"

 Nikaizima tamthilia.

Kabatini kule kulikuwa na kanga yake, ya kwetu huku. Na viatu vyake vyote. Zuhura anasema ndivyo vilivyomnyima usingizi. Nani anarudi kwao miguu mitupu?

Jumapili, 10 Agosti

Mama ameambiwa. Hakulia. Hakumtaja jini tena. Alimsuka Zuhura nywele asubuhi nzima, polepole, akafumua, akasuka upya.

Tumeulizana tufanye nini. Hatujui ukoo wa huyo Mariamu. Anaweza kuwa wa Kikoneni, wa Lamu, wa Tanga. Zuhura alijaribu kuwauliza wenzake aliosafiri nao. Hakuna anayemjua.

Tamthilia nimeifuta. Zilibaki sehemu nyingi. Sitaki kujua.

Ijumaa, 15 Agosti

Kumepoa. Mvua ndogo, kisha jua.

Baada ya alasiri Mama alitandika mkeka. Alitaka tumwombee dua Mariamu. Akatuuliza, tumwombee kama maiti au kama msafiri?

"Msafiri, Mama," Zuhura akasema.

Mama akainua mikono. Alipofika kwenye jina akasita, maana hakumjua mzazi wake. Kisha akataja lake mwenyewe. Mariamu binti Mwanakombo. Akamwombea njia nyepesi na kufika salama.

Tukaitikia amin.