Maji ya Samaki Wako

Kitangari, 9 Novemba

Baba Claudia,

Mimi na mtoto hatujambo. Samaki wako wa baharini nao hawajambo, ndiyo maana nakuandikia.

Tangu uhamie Masasi kwa huyo Loyce wako, nalitunza tangi lako la kioo kama ulivyoniagiza. Sikurudia kosa lako la mwanzo, la kuwatilia chumvi ya jikoni wakafa wote. Natumia ile chumvi maalumu uliyoagiza Dar es Salaam, naipima kwa kipimo chako, na kila Jumamosi natoa ndoo moja ya maji ya zamani, natia mapya. Maji hayo nayapandisha kutoka bondeni kichwani, na Claudia anaoga kopo moja ili samaki wastarehe. Sijalalamika.

Ila wewe ulikuja huku kwa ajira, hukuzoea shida yetu. Mwanamke wa Kitangari hamwagi maji ovyo. Yaliyooshea vyombo yanadekia, na yaliyodekia yanamwagiliwa mche. Basi na ndoo ya samaki niliipeleka nyuma ya nyumba, kwenye ile miche yako mia tatu ya mikorosho unayomwoteshea Loyce kwa shamba lake. Nimeimwagilia wiki kumi na moja, sikuruka hata kiriba kimoja cha mche.

Wiki ya tatu majani yalianza kuungua pembeni. Nikaendelea.

Ulisema mvua zikianza utakuja na lori. Lori usikodi. Njoo na baiskeli, miche yote inaenea kwenye furushi moja, na imekauka vizuri. Loyce ataiwashia jiko.

Mama Claudia