Kapita wa Meza ya Pili

Jumatatu, 1 Machi 1976
Mimi kapita, msimamizi wa meza! Tulipomaliza animation ya asubuhi, zile ngoma za kukisifu Chama — viatu bado vimejaa vumbi — Citoyen Directeur, mkuu wa kiwanda, ametangaza. Meza ya kwanza ya kuchambua chai inabaki kwa Philémon, ya pili ni yangu. Tarehe tisa mwonjaji wa chai atafungua magunia ya kila meza. Kapita mwenye chai safi atasimamia chumba kizima, mwingine atakaa benchi kuchambua. Benchi ninalijua. Miaka sita nimetoa vijiti kwenye majani makavu, filimbi ya Philémon masikioni. (Tangu majina ya Kizungu yakatazwe, kwenye karatasi ni Citoyen Cirhuza. Kwetu ni Philémon tu.)
Sitaki filimbi. Badala yake nifanye nini? Sijui.

Jumatano, 3 Machi
Aibu! Tuko kilo arobaini nyuma ya meza ya Philémon. Amecheka, eti mimi ni kapita wa kubembeleza. Nilikaribia kuwafokea wanawake. Mama Euphrasie, mkubwa wetu wote, akanivuta kando.
"Françoise, weye ulikuwa unaficha vijiti wapi?"
Chini ya majani, wapi tena! Wote tulificha. Philémon akikuta lundo la vijiti mbele yako, anasema unachelewesha kazi, anakurudisha nyumbani. Basi tulivirudisha kwenye chai, kilo zikapanda, naye akafurahi. Siku tatu za cheo na nilikuwa nimeshasahau!

Alhamisi, 4 Machi
Nimekaa benchi pamoja nao, ungo magotini. Nimewaambia: sipimi tena chai, ninapima vijiti. Mwenye lundo kubwa nitamsifu mbele ya wote. Na Noëlla, mwenye mtoto mchanga, akanyonyeshe anapotaka, asiombe ruhusa. Wakanitazama kama nimelewa. Hadi saa nne hakuna aliyeweka kijiti mezani. Ndipo Mama Euphrasie akamwaga vyake vyote. Nikampigia makofi peke yangu, kama mjinga. Saa tisa meza ilikuwa imejaa vijiti, na soga hadi raha. Noëlla alirudi mbio bila kuitwa.

Jumanne, 9 Machi
Tumeshinda! Tumeshinda! Mwonjaji amefungua magunia kumi ya Philémon, sita yamerudishwa. Yetu — halikurudi hata moja! Directeur ameniuliza dawa ni ipi. Nimemjibu kwamba watu walikuwa wanaogopa kuonyesha uchafu, sasa hawaogopi. Ameandika kwenye daftari lake. Wanawake wamenibeba mpaka getini, mimi na unene wangu huu. Nimelia kwa furaha.

Jumatano, 10 Machi
Meza zote mbili ni zangu. Philémon amekaa mwisho wa benchi, magoti yanagonga meza, vidole vinene havishiki kijiti. Nimempita mara tatu bila sababu. Lo, utamu wake!
Sasa hivi amekuja mbele yangu, mikono nyuma.
"Maman Kapita, naomba ruhusa nitoke inje kidogo."
Nimefungua daftari hili na kuanza kuandika. Bado amesimama. Atangoja kidogo, miaka sita mimi niliomba! Noëlla anacheka ndani ya kitenge. Soga imekatika meza zote mbili, na Mama Euphrasie ameweka ungo wake chini, ananitazama —