Charline Asiuzwe

Ndosho, Goma
Tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Achille,

Nakusalimu kwanza, kabla kalamu haijanivuta ninakotaka kwenda. U hali gani? Na ule mgongo wako, bado unakusumbua, au umeuzoea kama tulivyozoea mambo mengine? Mama watoto na wale vijana wako ni wazima? Nasikia huko baridi imeanza. Vaa soksi mbili na usijidai kijana. Wewe sasa ni babu, hata ukipaka nywele rangi.

Sisi tunapumua. Mjukuu wangu Umwiza alishikwa na malaria wiki mbili zilizopita lakini sasa anakula, na akila hanyamazi. Mimi ni macho tu. Uzi unaingia kwenye sindano mara ya tatu au ya nne, nami sikasiriki tena. Tangu kambi ya wakimbizi ya Mugunga ilipovunjwa mwanzoni mwa mwaka tuko hapa Ndosho, katika chumba tulichopewa na mama mmoja wa parokia. Mvua ikinyesha tunasogeza godoro, ikikatika tunalirudisha.

Ujumbe wako wa sauti niliusikia. Niliusikiliza mara nne kwenye simu ya jirani, mpaka jirani akaanza kukohoa kwa makusudi. Umesema Madame Mariette anahamia nyumba ya wazee, kwamba chumba atakachopewa ni kidogo, na kwamba muuza vitu vya kale atakuja katikati ya Januari kulichukua kabati lote la sanamu zangu ili akaziuze moja moja. Ulisema kwa sauti ya kunipa pole ya kikazi, kama vile nimepoteza mteja. Sikukujibu siku ile. Simu ya mtu haililiwi, inabidi umrudishie ikiwa kavu. Ndiyo maana ninakuandikia.

Wewe ndiye uliyeanzisha haya, Achille, usijifanye hukumbuki. Mwaka 2016 ulikuja likizo Kiwanja, ukaondoka na sanamu ya Muzee Ntirenganya niliyoisuka kwa maganda ya mgomba pamoja na baiskeli yake ya kubebea ndizi, ukamwonyesha huyo Madame uliyekuwa ukimtunzia bustani. Akampenda, akaomba mwingine. Nikampelekea Prodige wa pikipiki, nikampelekea na wengine, mpaka nusu ya mtaa wetu ikawa imesimama huko Namur, Ubelgiji, nyuma ya kioo. Watu kumi na tisa. Kuna siku nilijiona mtu mkubwa kwa sababu hiyo, sitadanganya.

Na unajua ninavyofanya kazi. Simsuki mtu nisiyemjua. Mtu anakuja, anakaa kwenye kile kiti kifupi alasiri mbili tatu, tunapiga soga huku nikiloweka maganda na kuyafunga. Kisha namwomba kipande cha nguo aliyokwisha kuivaa, si kipya cha dukani, na ndicho ninachomvalisha. Chini ya mguu naandika namba na jina. Kila mtu namtengeneza mara moja tu. Walinicheka sana kwa hilo. Walisema ningetengeneza Prodige kumi ningekuwa nimejenga nyumba ya matofali. Lakini Prodige ni mmoja, na hata huyo mmoja alikuwa anatuchosha.

Vita vilitugusa kwenye kazi kabla ya kutugusa nyumbani. Namba kumi na tisa, Constant kinyozi, alikwama mpakani Bunagana mwaka 2022 mapigano yalipofika pale. Alikaa ndani ya katoni miezi minne, panya wakamla sikio, na hivyo ndivyo alivyokufikia. Madame akadhani nimemsuka hivyo kwa makusudi, akakwambia ni kazi ya sanaa kweli. Tulicheka, mimi na binti yangu Charline, mpaka tukakaa chini. Wiki tatu baadaye tulikuwa barabarani na magodoro kichwani.

Baada ya hapo ukawa unaniuliza namba ishirini itakuja lini, kwa sababu Madame anauliza. Kwanza barabara ilifungwa. Kisha maganda hayakupatikana, maana Mugunga ni mawe ya volkano, migomba iko mbali. Mwaka huu uwanja wa ndege ukafungwa, na benki nazo zikafungwa. Halafu ukaniambia marafiki zake wamemshauri asinunue tena vitu vya huku kwetu, eti vina damu. Nilikasirika siku tatu. Mwambie hakuna mtu aliyewahi kupigania maganda ya mgomba. Sasa hasira imeniisha. Mtu anayekaa mbali anaogopa anachoambiwa aogope.

Achille, sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Namba kumi na nne asiuzwe.

Nilipokupigia mwaka 2023 kukwambia Charline amekufa, sikukueleza vizuri. Nilisema kipindupindu, basi. Alianza kuharisha alfajiri, na kesho yake saa sita mchana alikuwa amekwisha. Miaka ishirini na sita. Kulikuwa na wagonjwa wengi na watu wachache wa kuwashughulikia, sina wa kumlaumu. Tulimfunika kwa kitenge chake kile cha bluu chenye ndege wa manjano, kwa sababu ndicho kilichokuwepo, akaenda nacho. Byiringiro mume wake alikaa nasi miezi miwili, kisha akarudi kuangalia shamba, na mpaka leo hatujasikia neno. Umwiza hakuwa bado ametimiza miaka mitatu.

Picha za harusi zilibaki ukutani Kiwanja, na ile nyumba imeungua. Simu ya Charline ilipotea siku ya kukimbia, kwenye msongamano wa watu na mbuzi. Kwa hiyo hatuna sura yake hata moja. Nilidhani nitaweza kuishi hivyo, kwa kuwa mimi namkumbuka. Sikumfikiria mtoto.

Unamkumbuka namba kumi na nne? Nilimsuka Charline mwaka 2021, amembeba Umwiza mgongoni, kichwa cha mtoto kikichungulia begani. Alivaa pembe ya kitenge hichohicho cha ndege. Niliikata kwa mkono wangu, Charline akilalamika kwamba namharibia nguo nzuri kwa ajili ya wazungu. Nilipokuwa namfunga kwenye katoni mkono ulisita. Nilikaa naye magotini kama mjinga. Charline akanikuta, akaanza kunicheka. "Mama, umuache aende," akaniambia. "Ule ni wa majani tu. Miye mwenyewe niko hapa, unalilia nini?" Nikamwachia, akaenda. Ninajilaumu mpaka leo. Najua si haki kujilaumu, lakini ninajilaumu.

Utaniuliza kwa nini nisimsuke mwingine, mimi mwenye mikono hii. Nimejaribu, ndugu yangu. Nilijaribu Mugunga, nikajaribu tena hapa Ndosho mwezi wa sita, pale mama wa parokia aliponiletea maganda kutoka kwa shemeji yake. Mwili unakuja. Mabega yanakuja, hata ile namna yake ya kusimama akiegemea mguu mmoja. Nikifika usoni ninapata uso wa ile siku ya mwisho, midomo mikavu na macho yaliyozama. Mara tatu nimepata uso huo, na mara tatu nimeufungua tena. Yule wa Namur nilimsuka akiwa mbele yangu anacheka. Huyo sitampata tena kwa kumbukumbu.

Ile picha ya kabati uliyonitumia mwaka jana nilimwonyesha Umwiza. Charline yuko mstari wa nyuma, amezibwa na baiskeli ya Ntirenganya. Kinachoonekana ni kilemba na bega. Mtoto aliangalia muda mrefu, kisha akaniuliza, "Koko, mama yangu hana macho?" Nilimjibu kwamba anayo, tena makubwa. Akaniambia nimuonyeshe. Nilitoka nje nikasingizia moshi wa jiko.

Siombi hela, na sitaki ugombane na mtu aliyekutendea mema. Najua Madame amekwisha kumwahidi muuza vitu vya kale kabati zima, na kwamba pengo litamkera yule mtu. Najua pia kwamba Charline alinunuliwa, na aliyenunua ni mwenye mali. Ndiyo maana siombi anipe bure. Naomba tubadilishane.

Unakumbuka kwa miaka mingapi Madame amekuwa akiomba sanamu ya mimi mwenyewe, na mimi nakataa. Nilikuwa nasema, nani atakaa kwenye kiti na nani atasuka? Ulikuwa mzaha, lakini pia niliogopa. Mwezi uliopita nilikaa. Umwiza alinishikia kipande cha kioo siku nne, nikawa namkaripia asitikisike, kana kwamba yeye ndiye anayesukwa. Nguo nimeikata kwenye pindo la gauni nililokimbia nalo kutoka Kiwanja. Mvi nimezifanya kwa uzi mweupe, na nimeziweka zote, sikujipunguzia. Umwiza anasema pua nimeifanya kubwa kuliko ilivyo. Nimeiacha. Chini ya mguu nimeandika ishirini, na jina langu.

Namba ishirini ndiye aliyekuletea barua hii. Mama Marcelline, yule wa biashara ya vitenge, anaondoka kesho kwenda Kampala kupitia Bunagana. Huko atamkabidhi Frère Dieudonné, yule mtawa, ambaye ana safari ya Brussels mwanzoni mwa Desemba kwa masomo yake. Nimewaza sana hii njia. Gari litafika Rutshuru, likate kwenda Bunagana, na Kiwanja yetu itabaki kilomita chache tu mbele. Nitakaribia nyumbani namna hiyo, ndani ya begi la mtu mwingine. Mimi mwenyewe tangu tukimbie sijafika hata Rutshuru.

Ukimpokea, usimweke kwenye gari siku mbili kama ulivyomfanyia Prodige. Mpeleke moja kwa moja. Mwambie Madame kwamba Athanasie amekubali kukaa kabatini, na kwamba anaomba nafasi ya binti yake, si nafasi ya ziada. Uniweke palepale nyuma ya baiskeli ya Ntirenganya, hata kama sitaonekana. Kama yule mwenye duka ataniuza kwa mtu nisiyemjua, aniuze. Mimi ni mzee, nitazoea. Charline usikubali apelekwe kokote ila hapa.

Kama Madame atakataa, basi mwombe akuruhusu umtoe umpige picha kwa mbele, karibu na dirisha, macho yaonekane. Lakini usianze na ombi hilo. Nakujua wewe, ukiona mtu amekunja uso unapokea kidogo unachopewa na kushukuru. Safari hii simama. Picha ni kitu kizuri, ila kitenge hakishikiki kwenye simu, na kile kipande cha bluu ndicho pekee kilichobaki juu ya ardhi.

Utakapompata, mfungie kwenye nguo yako ya sufu. Mshike kiunoni, kamwe usimshike mgongoni, maana pale nyuma mtoto nilimfunga kwa uzi mmoja tu. Mkabidhi Frère Dieudonné atakaporudi, hata kama ni Machi, hata kama ni Pasaka. Tumengoja mambo marefu kuliko hayo. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili nina kitu cha kungojea, na naogopa kukuambia jinsi ninavyokingojea.

Mama Marcelline alitaka nimtie namba ishirini kwenye ule mkebe wa biskuti ninamowekea kazi, ili asibonyee njiani. Umwiza amekataa. Ameushika mkebe kwa mikono miwili, ameutandika shuka lake la zamani la utotoni, anasema hauendi popote, ni kitanda cha mama. Kisha akaniuliza kama mama atakuja bado akiwa amembeba. Nikamwambia ndiyo, hajakuweka chini hata siku moja tangu mwaka 2021. Baadaye nikamkuta anausogeza mkebe karibu na ukuta ambapo mvua haifiki.

Nisalimie mama watoto, mwambie ile sweta aliyotuma bado ninayo. Wasalimie vijana wako, na yule mjukuu nisiyemjua mumbusu paji la uso kwa ajili yangu. Msalimie dada Niyonsenga mkikutana kanisani, mwambie shamba la babake hakuna anayejua habari zake, nisimdanganye. Mama wa parokia anakusalimu ingawa hamjaonana. Umwiza anakusalimu babu yake, na anaomba uvae soksi, amenisikia nikisoma.

Mungu akuweke wewe na nyumba yako, akupe kibali mbele ya Madame, na atuonyeshe sisi nyuso tulizozikosa.

Wako akupendaye, dada yako,

Athanasie
namba ishirini