Maombi ya Usingizi Wangu

Jumatatu, 3 Machi 2003

Nimerudi toka kazi ya usiku saa mbili ya asubuhi, miguu imevimba kama ya mjamzito. Chai, mkate, nusu ya rozari – nusu tu, Mama Maria anisamehe – nikaingia kitandani. Saa nne kamili wakaanza juu. Kinanda, ngoma ya umeme, na ile maikrofoni. Pasta Aristide anaita "Moto!", watu wanajibu "Moto!" Mpaka saa saba, na usingizi ukishakimbia haurudi. Spika yao iko juu ya mto wangu sawasawa. Taa inacheza kwenye waya wake.

Tangu Januari ni hivyo, Jumatatu mpaka Ijumaa. Ukumbi waliokuwa wakisalia wamenyang'anywa, basi kanisa limehamia sebuleni kwao. Hapa Thamesmead, London, kuta ni za zege, lakini sakafu sijui walijenga na karatasi!

Na mimi nifanye nini? Juu ni kwa Noëlla, mke wa Pasta. Noëlla aliyenipokea mwaka tisini na saba, nakimbia vita ya Uvira, nimemshika binti yangu Myriam mkono, mfuko mmoja wa plastiki. Alinipa kitanda chake, yeye akalala chini. Miezi saba! Alinisindikiza kwenye kila ofisi. Mtu kama huyo unamwambiaje anyamaze?

Mimi Mkatoliki, wao watu wa uamsho, lakini Mungu ni mmoja. Namwambia Yeye, na hili daftari. Basi.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya majivu. Nimepakwa, nikalia mbele ya padre kama mtoto.

Usiku wa jana kazini, kwenye nyumba ya wazee, nilikaa kwenye kiti cha koridoo, dakika mbili tu kupumzisha mgongo. Bibi wa chumba cha tisa alipiga kengele. Sikusikia. Nilimkuta sakafuni, alikuwa anajaribu kwenda choo mwenyewe. Hakuvunjika, asante Mungu. Aliniomba yeye msamaha! Miaka themanini na nane, yuko sakafuni, ananiomba mimi msamaha.

Asubuhi menaja amenipa barua ya onyo. Ni ya pili. Ya tatu ni kwenda nyumbani, amesema hivyo wazi, na sura ya upole. Niliomba shifti ya mchana. Hakuna nafasi, labda mwakani.

Na hii kazi ndiyo nyumba, ndiyo chakula, ndiyo sare ya shule ya Myriam.

Alhamisi, 6 Machi

Mzee Kishor wa flati ya chini kanisimamisha kwenye ngazi. Mhindi wa Kisumu, alikuwa na duka la vitambaa zamani. Mjane. Kiswahili chake kinanichekesha kila siku, leo hakikunichekesha.

– Mama Myriam, sura yako ni ya mtu ametoka jela juzi.

Nikamwambia silali. Akaonyesha juu kwa kidole. Mimi, anasema, hao wakianza natoa mashine sikioni, kwisha maneno. Wewe huna mashine ya kutoa. Piga simu kaunsil, hao wa serikali ya mtaa, wana watu wa makelele, kazi yao ni hiyo tu.

Myriam ametoka shule akapiga simu kwa niaba yangu, huku anakula chipsi. Mwanamke wa huko akaeleza kwamba sheria kali ni ya usiku: kuanzia saa tano ya usiku mpaka saa moja ya asubuhi, hapo watu wanalala. Mchana ni mchana, watu wanaishi. Wanaweza kuniletea fomu niandike kila siku nasikia nini.

Nikamwambia Myriam: muulize, na anayemgeuza bibi yake kitandani usiku, huyo analala saa ngapi? Myriam kakataa kutafsiri. Amenijibu kwa Kiingereza kwamba namtia aibu.

Kumbe hata usingizi una karatasi zake, na wangu haukupewa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeenda mwenyewe. Vizuri zaidi kuliko kaunsil, mtu na mtu. Nilipika sombe, majani ya muhogo, na samaki mkavu, nikapanda ngazi saa tisa, wakati waimbaji wamekwisha toka.

Nilikaa saa nzima naulizia habari za Bukavu. Haiwezekani kumwambia mchungaji, sebuleni kwake, sahani yako bado mezani, kwamba sala yake inakuua. Nani amenilea hivyo? Nikazunguka, nikazunguka. Mwisho nikasema: "Pasta, silali. Mchana nikijaribu, hakuna. Kazini wataniachisha." Nikaangalia spika. Nikaangalia tena spika!

Noëlla akanikumbatia. "Dada yangu, kwa nini ulikuwa unatuficha?"

Pasta akauliza imeanza lini. Januari, nikasema. Akapiga paja. "Januari! Mnaona? Mwezi uleule tulioleta madhabahu hapa. Adui ameona moto unashuka, akamrukia jirani wa karibu."

Wameniwekea mikono. Na wiki ijayo, amesema, siku tatu za kufunga na kuomba kwa ajili ya usingizi wa Mama Myriam. Wataita na kundi lao lingine, la Thornton Heath.

Nilisema asante. Eh Mungu wangu. Nilisema asante.

Jumanne, 11 Machi

Watu arobaini. Nimehesabu viatu kwenye ngazi, nikachoka. Ndugu wa Thornton Heath wameleta spika ya pili.

Nimelala chali, macho kwenye dari, nasikia jina langu kwenye maikrofoni. "Usingizi wa Annonciata, rudi!" – "Rudi!" – "Popote walipokufunga, rudi!" – "Rudi!" Mama mmoja analia kwa ajili yangu, analia kweli, sauti imekwisha. Nani mwingine katika London hii amewahi kunililia?

Na glasi ya maji inatembea yenyewe kwenye kimeza.

Saa sita nimepiga simu kaunsil. Mimi mwenyewe, na Kiingereza changu cha kazini, cha bafu na dawa. Nimesema "please" mara kumi.

Jumatano, 12 Machi

Ofisa wa kaunsil amekuja saa tano, kijana mrefu, amevua viatu bila kuambiwa. Alisimama chumbani kwangu na kimashine chake cha kupima kelele, mimi mlangoni na kitambaa kichwani. Aliandika. Alishika ukuta kwa kiganja. Akasema hii imezidi, saa yoyote ile, si usiku tu. Yule wa simu alinieleza nusu.

Akauliza wanafanya nini. Nikasema wanaomba. Akauliza, kwa upole tu, wanamwombea nani.

Nimejifanya sikuelewa Kiingereza.

Ameahidi jina langu halitatajwa.

Ijumaa, 21 Machi

Noëlla ameshuka analia, barua mkononi. Kaunsil imewakataza spika, maikrofoni na ngoma. Wakikaidi, ni korti, na vyombo vitachukuliwa. Kinanda walilipia miaka miwili.

– Nani ametufanyia hivi, Mama Myriam? Sisi tumemkosea nani?

Nikammiminia chai. Akaanza kuhesabu majirani kwa vidole. Wazungu wa flati ya mbele wako Hispania. Wanaijeria wa pembeni wenyewe ni watu wa sala. Anabaki nani?

– Ni yule Mhindi wa chini. Ana miungu yake kwenye kabati, jina la Yesu linamchoma.

Akaningojea.

Nimesema, "Labda."

Neno moja. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema mzee wa watu hasikii hata kengele ya mlango wake. Nimesema labda, nikamwongezea sukari.

Jumanne, 25 Machi

Sikukuu ya jina langu, siku Maria alipopashwa habari. Noëlla ameniletea keki na kadi, wote wamesaini, hata wa Thornton Heath. Wananiuliza: usingizi umerudi? Nimesema unarudi kidogo kidogo. Ni kweli pia! Tangu barua ile wamezima spika, wameimba kwa mdomo tu. Nimelala saa tatu mfululizo siku ya kazi, kwa mara ya kwanza tangu Noeli.

Wamefurahi, wamepiga vigelegele. Nimeponywa. Sasa ni ushuhuda.

Jumatatu, 7 Aprili

Spika imerudi. Pasta amesema kwenye maikrofoni kwamba kaunsil haikumwita kuhubiri, haiwezi kumnyamazisha. Tena anao ushuhuda wa jirani aliyeponywa kwa maombi hayohayo. Huyo jirani alikuwa chini yake, amejifunika mto kichwani.

Halafu wakaanza kuomba juu ya Mzee Kishor. Kwa jina. "Kila ulimi wa Kishor unaotushitaki –" – "Moto!"

Alhamisi, 10 Aprili

Kishor kanikuta kwenye ngazi, kashika kiuno.

– Mama, hawa wa juu wananipenda au wananichukia? Leo mtu amemwaga mafuta ya zeituni mlangoni kwangu. Nimeteleza kama mtoto. Ile chupa ya bei, mama! Si wangeniletea nikaange?

Akacheka. Mimi sikucheka. Akasema wale akina mama wa kanisa siku hizi hawamwitikii salamu. Wanapita wamegeuza uso, mmoja anatema mate.

Nikafungua mdomo. Akaninyanyulia mkono, taratibu.

– Mimi ndiye nilikwambia piga simu. Basi yamekwisha. Wewe una mtoto, na hawa ni watu wako. Mimi mtu wa peke yangu, na mashine nikitoa sisikii kitu.

Alishuka ngazi moja moja, ameshika chuma. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 16 Aprili

Wiki Takatifu. Nimeungama. Padre wetu ni Muayalandi, mtu mwema. Akasema nenda uwaambie ukweli, kwa upendo, kabla ya Pasaka. Rahisi! Padre analala usiku, na juu yake ni paa.

Nilifika mpaka mlangoni kwao. Ndani Noëlla alikuwa anaimba peke yake, anafagia. Wimbo wa kwetu, ule tulioimba mwaka ule chumba kimoja, dirisha halifungi, tumekaa ndani ya blanketi moja watu watatu. Nimesimama hapo mpaka taa ya ngazi ikazimika yenyewe. Nikarudi.

Pasaka gani hii.

Ijumaa, 25 Aprili

Barua mbili siku moja.

Ya kwanza ya kazini. Jumatano ya Pasaka menaja alinikuta nimesinzia nimesimama, nimeshika kabati la dawa. Tarehe tisa Mei niende kujieleza. Naweza kuja na mtu, na cheti chochote kinachonisaidia.

Ya pili ya kaunsil. Kesi ya makelele inaenda korti. Ofisa amenipigia baadaye: alisikia mara mbili tu, upande wa pili utasema siku hizo ni za pekee. Wanataka mtu anayeishi chini ya makelele kila siku. Yaani mimi. Kwa jina, kwa saini. Hawanilazimishi. Nikikubali, atamwandikia na menaja wangu barua ieleze kwa nini silali. Nimfahamishe kabla ya Jumatano.

Myriam kazisoma zote mbili. Halafu kwa Kiswahili, Kiswahili safi ambacho sikujua anacho, akaniuliza: "Mama, kwani Tantine Noëlla atatuchukia?"

Jumanne, 29 Aprili

Saa nne na robo asubuhi. Naandika chumbani, nimekaa kwenye ukingo wa kitanda, koti la kazi bado liko mwilini.

Wamekuja kwangu. Pasta, Noëlla, na wazee watatu wa kanisa na suti zao. Noëlla ameingia jikoni mwangu kama jikoni mwake, ameweka maji ya chai. Karatasi iko mezani, wameichapa kwa kompyuta, pande zote mbili. Pasta amenisomea kwa Kiswahili.

Kwamba mimi Annonciata naishi chini ya kanisa hili, jirani wa karibu kuliko wote. Kwamba sijawahi kusumbuliwa hata siku moja. Kwamba niliteswa na kukosa usingizi, na kwa maombi yao nimepona. Na kwamba mlalamikaji ni Bwana Kishor wa chini, kwa chuki ya dini. Hilo la mwisho wamelipigia mstari. Wakili wao amesema jirani aliye chini yao kabisa, yaani mimi, akisaini, kesi imekufa. Kaunsil itageuka kumwuliza Mhindi.

– Wewe ndiye nguzo yetu, Pasta amesema.

– Mimi namjua dada yangu, Noëlla amesema toka jikoni. Alilala kitandani kwangu.

Hakusema kwa kunidai. Ndiyo mbaya zaidi. Alisema anacheka, anatafuta vijiko.

Mzee mmoja kanipa kalamu. Nikasema ngojeni, bila miwani sioni, naenda kuitafuta. Nikafunga mlango.

Namba ya ofisa iko kwenye mkoba. Simu iko hapa pajani. Salamu Maria tatu nimesema, hata moja sikuifikisha "amina".

Na juu – kimya. Mara ya kwanza tangu Januari, siku ya kazi, saa hii, kimya kabisa, kwa sababu wote wako sebuleni mwangu. Kitanda ni laini. Macho yanafumba, yenyewe, hata sasa, na aibu yote hii. Ningeweza kulala.

Noëlla anabisha mlango, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa.

– Mama Myriam? Chai inapoa. Miwani umeipata?

Nimeivaa. Tangu nilipokaa hapa nimeivaa; namba ya ofisa nimeitoa mkobani, naisoma vizuri.