Nywele Alizonisuka Mama, Ukazifumua Wewe

Kwako mama yangu, Bi Rukia, Mola akunawirishie huko uliko.

Kaskazi imeingia na joto lake. Tangu juzi, ukiuwekea mkono ukuta wa chumba cha mbele baada ya adhuhuri, unauondoa upesi, na watoto wanalala sakafuni bila ya mkeka. Asubuhi hii nimewaosha binti zangu wawili nywele uani, mmoja baada ya mwingine, kwa maji ya majani ya mkunazi, nao wamepiga kelele vile vile nilivyokuwa nikipiga mimi. Mkubwa akaniuliza, "Mama, nani alokufundisha haya?"

Nikamjibu, "Nyanyako."

Akafuta maji usoni. Kisha akauliza, "Nyanya yupi?"

Ndipo nikaingia ndani nikatafuta kalamu. Kwa sababu swali lake lina jibu refu, na wewe mwenyewe sikupata kukuambia hata nusu yake ulipokuwa hai.

Wajua kwamba mama aliyenizaa alikufa nikiwa na miaka tisa. Homa ilimshika siku kumi na moja. Katikati ya siku hizo alipata nafuu ya saa chache, akaniita, akaniketisha chini baina ya magoti yake, akanisuka misuko tisa ya kwenda nyuma. Kila akimaliza msuko mmoja alipumzika, kichwa chake kikiwa ukutani. Alipofunga wa mwisho alisema, "Hii itakutosha mpaka nipone." Hakupona.

Baada ya matanga sikukubali mtu aniguse kichwa. Akili yangu ya kitoto iliniambia kwamba misuko ile ikifumuliwa, basi mama amekwisha kabisa, hakuna tena kitu alichokifanya kwa mikono yake kilichobaki duniani. Nikajifunga leso kichwani mchana na usiku. Baba alikuwa mshona kanzu, siku nzima yuko dukani kwake Ndia Kuu, na mambo ya nywele za mtoto wa kike hayakuwa yake. Hakuona. Au aliona akaogopa kuuliza.

Miezi minne haijatimia vizuri, akakuoa wewe. Ulikuja kutoka Takaungu na sanduku moja na chupa ya mafuta ya nazi uliyoizungushia kitambaa. Watu walisema tu kwamba uliolewa kabla na mumeo akafa. Mimi sikukusalimia. Ulipokuwa ukipita, nilikuwa nikigeukia ukuta, na nikizungumza na baba nilikuwa nikikuita "huyo". Nakumbuka siku moja uliniwekea mkate wa kumimina kwenye sahani, kipande cha pembeni kilichoiva zaidi, ukaenda zako. Nilikipa kuku.

Ukaanza ule mwezi wa joto kali. Mwaka ule ndipo watu walipokuwa wakimiminika kisiwani kwetu kwa ajili ya kazi ya reli, na visima vya mtaani vilikuwa na foleni tangu alfajiri. Jasho lilinishuka chini ya ile leso, nami sikuifungua. Kichwa kikaanza kuwasha, kisha kuuma, kisha kutoka maji. Chuoni, tulikokuwa tukisoma Kurani, watoto walisogea mbali nami kwenye mkeka. Siku moja mwalimu aliniita pembeni akaniambia kwa upole, "Mwanahawa, nenda nyumbani ukatazamwe kitwa." Nilikwenda nikilia njia nzima, si kwa maumivu bali kwa kujua kitakachofuata.

Kilichofuata kilikuwa Shangazi Mwanakombo. Habari zilimfikia kwake Kibokoni kabla ya alasiri, akaja na wembe na bakuli. Aliifungua leso kwa nguvu, akavuta pumzi.

"Kitwa kimeoza hiki," akasema. "Hapa hapana la kufikiri. Keti. Nywele huota tena."

Nilimponyoka nikakimbilia bafuni, nikatia komeo, nikajibana nyuma ya birika kubwa la kuwekea maji. Aliugonga mlango kwa kiganja mpaka vumbi la chokaa likanimwagikia. Kisha akaacha. Kisha nikasikia sauti yako, chini kabisa, kama mtu aliyekaa sakafuni.

"Mwanahawa. Ni mimi. Sina wembe."

"Nenda zako!"

"Siendi. Nitakaa papa hapa." Ukakaa. Nilikuwa nikisikia bangili zako zikigusa mbao kila ukijisogeza. Baada ya kitambo ukauliza, "Nani alokusuka?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hilo. Wote waliuliza kwa nini sitaki, lini nitakubali, nina wazimu gani.

"Mama," nikasema.

Kisha nikakusikia ukiinuka na kumwambia shangazi, "Wifi yangu, nakuomba urudi kwako na wembe wako. Mtoto huyu hanyolewi."

"Wewe umekuja juzi! Wajua nini?"

"Sijui kitu. Lakini nywele hizo si zangu wala si zako."

Sasa mimi ni mtu mzima, nimeishi na mawifi, najua ilivyo kwa bibi harusi wa wiki tatu kumwambia maneno hayo dada mkubwa wa mumewe, ndani ya nyumba iliyojengwa na baba yao. Siku ile sikujua. Nilijua tu kwamba mlango haukugongwa tena.

Shangazi alikwenda moja kwa moja dukani. Baba aliporudi magharibi uso ulikuwa umemvimba kwa hasira na aibu. Aliniambia niinamishe kichwa, akatazama, akaweka mkono mdomoni. Akakugeukia. "Watu watasema nimeoa nikamwacha mwanangu aoze. Nakupa siku saba. Kikiwa hakijapona, dada yangu atamnyoa, na wewe utakwenda kumwomba radhi mbele ya watu."

Ukasema, "Vyema." Basi.

Siku ya kwanza hukufumua kitu. Uliniambia, "Sitafungua hata mmoja mpaka useme mwenyewe." Ulipasha mafuta ya nazi yawe vuguvugu, ukayadondosha baina ya misuko kwa ncha ya unyoya, ukakifunga kichwa kwa kitambaa cha bafta kilichochakaa, laini, kinachopitisha hewa. Kwenye vidonda ulitia utomvu wa mshubiri, na ulipouma ulipuliza. Ile leso uliifua ukaianika, hukunirudishia. "Ndani ya nyumba acha kitwa kipumue," ulisema. "Hapa hapana mgeni."

Siku ya tatu ilikuwa imepungua kuuma. Nilikaa mbele yako, nikasema, "Fumua mmoja. Mmoja tu."

Ulitumia asubuhi nzima. Hukuchukua kitana, ulichukua kijiti chembamba ulichokichonga mwenyewe, na vidole. Ukafika mahali ukaacha. Nikadhani umekata. Ukaniambia, "Mamako alikuwa na mkono mwepesi. Hebu ngoja. Ameanzia wapi hapa?" Ukaurudia mkunjo ule, ukaufungua polepole, ukaurudia tena. Kisha ukainuka ukaleta nyuzi za makumbi ya nazi, ukazifunga kwenye tendegu la kitanda, ukawa unatazama kichwa changu na kusuka makumbi, unatazama na kusuka. Nilikuuliza unafanya nini.

"Najifunza," ukasema. "Nikishafungua yote, nani atakumbuka alivyokuwa akisuka? Lazima mmoja wetu ajue."

Mama, nilikuwa na miaka tisa, lakini nililielewa neno lile. Nikasema, "Fumua na wa pili."

Tulipokuwa tukifumua nilianza kuzungumza. Nilikueleza alivyokuwa akiimba akikuna nazi, na alivyokuwa akiogopa mijusi, na kwamba alipenda kula embe bichi kwa chumvi mpaka meno yakamfa ganzi. Ulicheka la mijusi. Hukusema "masikini", hukusema "mapenzi ya Mungu". Uliuliza tu, "Enhe, kisha?"

Mitatu ya nyuma ilitoka na mizizi yake. Usaha ulikuwa umeshaila ngozi. Ulinionyesha mkononi mwako, hukunificha. "Hizi nimeshindwa," ukasema, na machozi yalikuwa yakikutoka, nami nilishangaa, kwa sababu nywele hizo hazikuwa zako. Tulizizika uani kwenye mkomamanga, wewe ukichimba na mimi nikimwaga maji.

Siku ya saba baba alirudi mapema. Niliinamisha kichwa. Vidonda vilikuwa vimekauka, ngozi imetakata, na nyuma palikuwa na kipara cha ukubwa wa kiganja cha mtoto mchanga. Baba alitazama kwa muda mrefu. Kisha akauona ule msuko wa makumbi kwenye kitanda. Alikuwa ameishi na mikono ya mama miaka kumi na miwili, aliujua. Aliugusa, akaukunja vidoleni, akatoka kwenda kutawadha hali ya kuwa sala haijaadhiniwa.

Wiki mbili baadaye, Ijumaa, ulinisuka. Haikuwa tisa, ilikuwa sita, na ulipitisha mmoja juu ya kipara ukakifunika. Nilipitisha vidole kuanzia kipajini. Mkunjo wa kwanza ulikuwa pale pale ulipokuwa. Usiku huo, nikiwa na kiu, niliita, "Mama, nipe maji," bila ya kufikiri. Nikasikia hatua zako zikisimama. Kisha kata ikagonga mtungi, ukaniletea, ukanishikia ninywe. Tangu siku hiyo ndilo lililokuwa jina lako.

Baada ya hapo kila kaskazi ilikuwa na utaratibu wake. Kufumua kila baada ya siku kumi, si zaidi, kwa kuwa jasho halingoji. Kuosha kwa mkunazi mchana, nywele zikauke kivulini, si juani. Kutofunga zikiwa mbichi, hata tukiwa tumechelewa harusi. Mafuta kidogo kwenye ngozi, si kumwagia kama mtu akaangaye samaki; ulikuwa ukinipiga kikofi nikizidisha. Na nilipokuwa msichana nikataka kujijaza asumini kichwani ili kisinuke, uliniambia, "Harufu nzuri haioshi. Osha kwanza, kisha unukie." Nimelisema neno hilo leo asubuhi, kwa sauti yako kabisa, mpaka nikacheka peke yangu.

Nakukumbusha na la Shangazi Mwanakombo. Alipougua mwaka ule, nywele zikampukutika, alikutumia mtu uende ukamtazame kichwa, yeye aliyekaa miaka bila ya kula kwetu. Nilikuambia usiende. Ulikuwa umeshajitanda buibui, chupa ya mafuta kwapani. "Kitwa ni kitwa," ukasema, ukatoka. Ulikwenda kila siku mpaka mwezi ukaandama. Hukuwahi kunisimulia mlizungumza nini, lakini Idi ile shangazi alikaa mkekani kwetu, akala, na kipande cha kwanza cha mkate alichovunja alikupa wewe.

Ulipofariki Rajabu iliyopita, waoshaji waliuliza nani atakusuka. Nikasema ni mimi. Nilikusuka misuko mitatu kama inavyotakiwa, nikailaza nyuma. Nywele zako zilikuwa laini, mvi tupu.

Kisha siku ya tatu ya matanga, nduguyo wa Takaungu alikaa karibu nami jikoni. Akaniambia, kama mtu anayesema jambo ninalolijua, "Alikupenda, maana ulikuwa kimo kimoja na Zuhura."

Nikamuuliza, "Zuhura nani?"

Akanitazama. Akajua kwamba hukuwahi kuniambia. Ndipo akanieleza kuhusu binti yako wa kwanza, mtoto wako wa pekee, aliyeshikwa na homa kaskazi moja kabla ya ile uliyokuja kwetu. Wakubwa waliamua anyolewe ili joto limtoke kichwani. Ulikataa, hukusikizwa. Aliishi siku mbili baada ya wembe, na siku zote mbili alikuwa akijipapasa kichwa akikuuliza nywele zake ziko wapi.

Miaka yote hii nilidhani siku ile ulikaa kwenye mlango wa bafu kwa ajili yangu. Sasa najua mlikuwa wawili nje ya mlango ule. Sina uchungu kwamba hukuniambia. Nadhani hukutaka nijione mkopo, mtoto wa kuziba pengo la mwingine. Na kweli sikupata kujiona hivyo hata siku moja. Mwanamke mwenye jeraha lile angeweza kuja nyumbani kwetu akafunga moyo wake na kunipikia tu. Wewe ulikuja ukanifumua taratibu, ukajifunza mkono wa mwanamke usiyemjua ili usinipotezee.

Ahsante, mama. Ahsante kwa zile siku saba, na kwa kata ile ya maji, na kwa kusema "Enhe, kisha?" Wanangu wameshakauka nywele, wananiita nikawasuke kabla ya alasiri. Nikiwa na mkubwa baina ya magoti yangu nitamjibu swali lake. Nitamwambia ana nyanya wawili. Na nitamwambia kwamba anaye mama mkubwa ambaye hakupata kukua, ambaye hatujamwombea dua hata mara moja kwa sababu hatukujua jina lake, na kuanzia leo tutaanza.

Lala salama, Bi Rukia. Umsalimie yeye kabla ya wote.

Ni mimi mwanao uliyenikuta nyumbani,
Mwanahawa, dada yake Zuhura.