Kisu Chako Kiko Mfuko Gani?

Mombo, stendi, kwa Mama Neema

Kwako mwanangu Athumani,

Marahaba, baba. Najua shikamoo umeshanipa kabla hujaifungua bahasha, maana nimekulea mwenyewe. Mimi mama yako ni mzima, nakula, nalala. Jua la Mombo linatuchoma mchana, lakini jioni upepo unashuka kutoka milimani kwa Wasambaa unatupoza. Wasiwasi wangu ni juu yenu huko Kwaluguru.

Baba yenu hajambo? Kile kifua kimetulia, au bado anaingia shamba na umande asubuhi na mtu wa kumkataza hayupo? Bibi yenu hajambo? Mwambie mkwe wake anampa shikamoo kwa magoti yote mawili, na ile miwani asiikalie tena. Dada yako Mwajuma hajambo, na mtoto ameshaanza kutambaa? Shemeji yako amemaliza kuezeka jiko, au mvua ndiyo itamkumbusha? Jirani yetu Mama Hadija hajambo na goti lake? Na yule mbuzi mweupe amezaa? Wote wape salamu mmoja mmoja. Usinifanyie ule mtindo wako wa kusema "mama anawasalimu wote" kisha ukaenda zako. Simama kwa kila mtu, umwambie la kwake.

Nimeandika barua sikupiga simu kwa sababu simu nayo unaijua wewe. Nikianza neno tu, "sawa mama, sawa mama, mtandao unakata." Mtandao haukati, wewe ndiye unayekata. Barua haikatwi. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne, soma polepole, ukikwama mpe Mwajuma akusaidie. Ila hapa panapofuata usisome kwa sauti bibi yako akiwepo, asije akashtuka.

Sasa tuje kwenye paja lako.

Mwajuma ameniambia. Alikuwa anafua suruali yako ya kaki akakuta mfuko wa mbele umechanika kwa ndani, na damu imekauka pale. Alipokuuliza ukamwambia ni msumari wa kiti cha pikipiki. Athumani! Kiti cha pikipiki kina sponji na ngozi, msumari umetoka wapi? Ni kisu. Ni kile kisu cha kukunja ulichokinunua kwenye gulio, ulinunua viwili vinavyofanana, kimoja chako kimoja changu, siku zile nafunga mzigo kuja huku kuuza machungwa.

Sikugombezi kuwa na kisu. Mtu wa bodaboda asipokuwa na kisu atakata kamba ya gunia kwa meno? Ninachokugombeza ni mahali unapokiweka. Unakitia mfuko wa mbele, humo humo na funguo, humo humo na simu, kisha unapanda pikipiki unakunja goti. Springi yake imelegea, yangu pia imelegea, ni vya fundi mmoja hivi. Safari hii kimekukwaruza umekaa. Je, siku ukianguka nacho? Hapa barabarani nikiona pikipiki yoyote imeyumba, nashika paja langu mwenyewe. Mama Neema, mwenzangu wa kuuza matunda hapa, ananicheka, ananiuliza, "Mzigua, leo tena?" Namwambia cheka tu, mwanao wewe anauza dukani, hapandi kitu.

Na usidhani nasema kwa kusikia. Nimehangaika na changu kama mtu anayemtafutia mgeni pa kulala.

Kwanza nilikifunga kwenye pindo la khanga kiunoni, kama tunavyofunga vitu vyetu siku zote. Lakini hapa basi likisimama hatutembei, tunakimbia, beseni kichwani, kila mtu anataka dirisha lake. Pindo likafunguka, kisu kikatumbukia kwenye beseni la peasi la Mama Neema. Akakiinua kwa kitambaa, akasema, "Haya, leo peasi zangu zimezaa chuma." Stendi nzima wakacheka.

Nikahamia mfuko wa dera. Huko kilikaa vizuri mpaka siku moja abiria wakawa wengi, nikakikunja haraka, sikusikia kile kimlio chake cha kujifunga, nikakisukumia mfukoni. Nilipochuchumaa kutua beseni, kikanichoma. Paja, mwanangu. Upande ule ule wa kwako. Usishtuke, kidonda kilikuwa kidogo, nilipaka dawa, sasa nakwambia kimeshapona na kovu halionekani. Mama Neema aliponiona nachechemea akaniuliza kulikoni. Unajua nilimjibu nini? Nikamwambia ni msumari wa benchi.

Basi Mwajuma aliponieleza habari ya msumari wako nilicheka mpaka machozi. Uongo wetu umetoka tumbo moja. Kisha kicheko kikaisha nikaogopa, maana mimi nilikuwa nachuchumaa tu, wewe uko juu ya pikipiki.

Nikajaribu kukiweka kifuani. Huko nako nikienda kuswali, nikisujudu tu kinanidunga mbavuni kama kinaniuliza dua gani ninayoomba. Nikakitoa. Nikasema basi, kitakaa wazi juu ya beseni kati ya machungwa, mahali ninapokiona. Na hapo ndipo kiliponikimbia.

Lilisimama basi la kwenda Arusha. Dirishani baba mmoja mnene, mwenye kofia, mcheshi, akachagua chungwa lake, akaniona namenya, akasema, "Mama, unamenya mpaka nyama. Lete kisu nimenye mwenyewe." Nikainua beseni, akaokota kisu juu ya machungwa kwa mkono wake. Hapo mambo yako sawa, sikumpa mkononi. Akamenya, maganda membamba kweli, nikamsifu. Mara wa dirisha la nyuma naye akaniita, nikatua beseni chini nimchagulie. Konda akagonga bodi. Yule baba akatoa mkono nje na kisu, "Pokea, mama!"

Nikarudi nyuma. "Weka chini, baba!"

"Chini wapi? Mimi niko huku juu!"

"Basi weka kwenye beseni!"

"Beseni umelitua! Pokea, gari linaondoka!"

Mwanangu, mkono wangu haukwenda. Unajua kwetu tulivyofundishwa, kisu hakipokelewi mkononi, kinawekwa chini mwenzako akiokote, kikipita mkono kwa mkono na ugomvi unapita nacho. Wewe mwenyewe siku ya kunipa ulikiweka kwenye mkeka ukasema, okota mama. Nilifurahi kuona hukusahau. Sasa nikasimama pale nimetoa macho tu, abiria wanapiga kelele, "Huyu mama anakiogopa kisu chake mwenyewe!" na basi likaondoka, yule baba mkono bado uko nje, ameshika kisu changu kama bendera.

Mama Neema akatua beseni lake ili acheke vizuri. "Jamani Wazigua! Mkono unao, kisu kile pale, wewe unangoja kitafutiwe kiti? Ugomvi na mtu wa Arusha utakudhuru nini, utakutana naye wapi?"

Mkono ulishakataa kabla yangu. Lakini niliumia, si kwa sababu ya kisu, visu vipo, niliumia kwa sababu kile ulininunulia wewe.

Hazikupita siku nyingi, basi linashuka kutoka Arusha, konda akaruka chini akiita, "Nani hapa mama aliyekataa kisu?" Wote wakanionyesha mimi. Kumbe yule baba alimpa kisu akamweleza mkasa mzima, na konda mwenyewe ni mtu wa Handeni. Akanijia, akachuchumaa kwa adabu, akakiweka kisu mchangani mbele ya miguu yangu, akasema, "Okota, mama. Tusigombane." Nikakiokota. Nikampa machungwa, hayo nilimpa mkononi.

Siku ile ile nikaenda kwa fundi viatu pale nyuma ya mgahawa. Nikaweka kisu juu ya sanduku lake, nikamwambia nataka kukitengenezea nguo. Akakigeuza, akaniuliza, "Ala ya kisu, au nepi?" Nikamwambia vyovyote, mradi kisinichafulie mwili kwa damu. Akacheka, akakata ngozi ya kiatu cha zamani, akaishona nyembamba sawasawa na kisu kilichokunjwa, kinaingia kwa kusukuma. Akasema kisu hufunguka kikipata nafasi ya kugeuka, kwa hiyo yeye hakipi nafasi. Juu akaweka kifuniko na kifungo. Mimi nikaongeza kamba ya katani, ncha moja kwenye mpini, ncha moja kiunoni. Sasa abiria anayetaka kumenya mwenyewe ashuke anifuate kilipo kisu. Na tangu hapo nakimbilia mabasi kama msichana, sikishiki, sikifikirii.

Nimemwambia fundi ashone na ya pili. Ndiyo hiyo imo kwenye mzigo unaoifuata barua hii. Ya kwako ina tundu la mkanda. Ivae kiunoni kwa nje, upande, juu ya nyonga, si mbele ya paja ambapo goti linakunjika. Kikunje kisu mpaka ukisikie kimelia, ndipo ukisukumize, ndipo ufunge kifungo. Funguo na simu vikae vyenyewe. Kikionekana kwenye mkanda ndani ya ala yake watu watajua ni cha kazi. Cha kufichwa mfukoni ndicho kinachowatia watu mashaka. Ukienda harusini au msibani kivue, kiache nyumbani.

Najua utasema mama ana wasiwasi. Ndiyo, ninao. Lakini sina huzuni, mwanangu. Machungwa yanatoka, chumba tulichopanga na Mama Neema hakivuji, tunapika pamoja, yeye ananitania Uzigua na mimi namtania Usambaa mpaka chakula kinaiva. Kitu kimoja tu ndicho kinachonitoa kwenye raha yangu, na hicho nimekuandikia.

Mzigo unapitia kwa shangazi yako wa Masuguru, ameahidi kuutia mwenyewe kwenye gari la Handeni. Utakayemkuta nao mwambie auweke chini uuokote. Ndani ni ngozi tupu, hakuna kisu, lakini nimeishonesha kwa ajili ya kisu, sitaki kubahatisha.

Mbusu mjukuu wangu. Bibi yako mwambie namletea peasi za mlimani nikija, zile laini, zisizotaka meno. Baba yenu mwambie umande ukauke kwanza, ndipo aingie shamba, na kwamba nimesema mimi.

Wewe nijibu upesi. Usinipigie uniambie sawa mama. Andika, hata mstari mmoja, umpe konda yeyote anayepita Mombo, aulize mama aliyekataa kisu, wote wananijua. Andika tu kisu kiko wapi. Changu kiko kiunoni, nimekigusa sasa hivi kabla sijafunga bahasha. Chako je?

Ni mimi mama yako mzazi,
Mama Mwajuma